Mama Ameenda Kasugho

"Champion, tunarudia. Vaa tena shati, polepole, kama vile sisi hatupo."

Siméon Nzanzu akalivua lile shati kwa mara ya nne. Lilikuwa shati lake la misa, jeupe, lenye vifungo vidogo, na vifungo ndivyo Laurent alivyovitaka. Tangu siku ya kwanza alipoona vile vidole vya bondia vinavyotetemeka, huyu mtengeneza filamu kutoka Kinshasa hakutafuta tena kitu kingine. Mikono iliyoangusha wanaume kumi na saba, kati yao askari mmoja mwenye shingo nene kama gogo, leo inashindwa na kifungo. Ndiyo filamu yenyewe, alisema Laurent. Ngumi watu walishaziona. Sasa waone shida za ndani za Katapila.

Katapila ndilo jina ambalo Butembo nzima ilimwita wakati ule. Siku hizi aliitwa hivyo na wapita njia wachache tu, na patron wa depo ya simenti alikokuwa mlinzi. Patron alipenda kuwaonyesha wateja: "Munaona ule? Ni Katapila mwenyewe njo analinda hapa." Wateja waliangalia, wakatikisa kichwa, wakaendelea kuhesabu mifuko.

"Kwa kawaida nani anakufungia vifungo?" aliuliza Myriam. Myriam ndiye aliyeshika kamera. Alikuwa wa Bukavu, na kwa sababu Kiswahili chake kilifanana na cha pale nyumbani, watu walimwambia mengi kuliko walivyomwambia Laurent.

"Mutoto."

"Shekinah?"

"Eee. Asubuhi, mbele aende ku masomo."

Dada yake Siméon, Thérèse, alikuwa amekaa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Alikimbia vita kule Kayna akiwa na watoto watatu na godoro moja, akasema anakuja kwa wiki mbili. Sasa ni mwaka wa pili. Aliinua kichwa kwa kaka yake. "Sasa munafilimu mutu anashindwa kuvaa! Yaya, bambie ile siku ulipanda mu ring na kaptura nyuma-mbele. Ile njo filamu."

Myriam alicheka mpaka kamera ikatikisika. Siméon naye alicheka kidogo, upande mmoja wa mdomo, na kifungo cha tatu kikamponyoka tena.

"Bon," alisema Laurent. "Ufunguo sasa."

Ufunguo ulining'inia kwenye msumari, chini ya picha ya marehemu mke wake Emérence. Ulikuwa ufunguo wa pikipiki, wenye kichwa cha plastiki nyeusi na kipande cha utepe mwekundu ambao umeshakuwa wa kahawia. Siméon aliutoa bila kuangalia picha. Alijua kuutoa hivyo. Miaka sita alikuwa anautoa hivyo.

Hadithi yake aliijua kama sala. Ilikuwa 2019, wakati wa Ebola. Waliandaa gala ya ngumi kule Beni, wakaiita Gala ya Amani. Yeye akamwangusha mpinzani katika raundi ya sita. Pikipiki ilikuwa pale chini, mpya, imefungwa utepe. Mkubwa mmoja wa Leta, yaani wa serikali, akapanda jukwaani na tumbo lake, akampa ufunguo, akamkumbatia, wapiga picha wakapiga. Halafu wakasema pikipiki irudi kwanza dukani kwa ajili ya plaque, kile kibao cha namba.

"Mupaka leo, plaque," alimaliza Siméon.

"Labda bangali banaichonga," alisema Thérèse.

"Na mke wako?" Laurent alisogea karibu, sauti yake ikashuka. "Alikufa lini?"

"Kesho yake ya gala. Dimanche, mapema."

"Donc, wewe unapigana kwa ajili ya Leta, na saa ileile Leta inamwacha mke wako afe na Ebola hapa Butembo."

"Njo vile," alijibu Siméon. "Bakubwa ya hii inchi banakula mupaka maiti."

Neno lilitoka laini, kama kila mara. Na kama kila mara, baada ya kulitoa alisikia hamu ya kwenda kusukutua kinywa.

*

Siku iliyofuata waliamkia njia ya Beni, wanne ndani ya gari la kukodi, dereva akiwa amewasha muziki wa Lingala mpaka milango inalia. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana aliinama dirishani.

"Vieux Katapila! Papa alinipelekaga kukuangalia. Uko unaenda kupigana na nani tena?"

"Na uzee."

"Eh, ule anapigaga chini ya mukanda." Askari akacheka, akapokea sigara mbili kutoka kwa Laurent, akafungua kizuizi.

Siméon hakucheka. Macho yake yalikuwa pembeni ya njia, mahali ambapo wakati ule wa Ebola palisimama tangi la maji ya dawa yenye harufu kali. Kila msafiri alishuka, akanawa mikono, akaelekezewa kile kimashini kwenye paji la uso kinachopima joto. Lundi ile ya 2019, Jumatatu ya kwenda kwenye gala, alinawa hapo akiwa na begi la glavu begani. Kimashini kilisema hana homa. Kilisema kweli. Nyumbani pia, siku ile, hakuna aliyekuwa na homa.

Beni walimpeleka kwenye ile salle, ukumbi wa gala. Ukuta ulipakwa rangi mpya, jukwaa lilikuwa limebomolewa, na kwaya fulani ilikuwa inafanya mazoezi. Laurent aliwaomba wanakwaya wasimame nyuma kama watazamaji. Akamwambia Siméon arushe ngumi hewani, mahali hasa alipokuwa wakati wa raundi ya sita.

"Sikumbuke mahali."

"Mahali popote, Champion. Nani atajua?"

Alirusha. Kushoto, kushoto, kulia. Mwanakwaya mmoja, mama mnene, akapiga makofi kwa huruma, kama vile watu wanavyopigia makofi mtoto aliyesahau shairi. Baada ya ngumi kumi bega lilimkamata. Aliinama, mikono kwenye magoti, na Myriam akamsogezea maji.

"Umeweza, Papa. Imebaki kesho tu, halafu tunakuachia amani."

"Kesho kuko nini?"

"Shekinah. Si anakaa mbele ya kamera?"

Siméon alinyoosha mgongo. "Mutoto hapana. Iko na examen ku masomo."

"Lakini ni yeye alituomba," alisema Myriam, akishangaa. "Juzi, wakati nilikuwa napanga nyaya zangu. Aliniambia iko na neno juu ya Mama yake. Alisema hajaliambiaga mutu hata mumoja. Nilifikiri weye unajua."

Laurent aliyasikia hayo, akaja haraka. "Champion, filamu bila mtoto itakuwa kama habari za redio tu. Dakika kumi. Nitamheshimu."

Njia nzima ya kurudi, Siméon aliegemeza kichwa kwenye kioo. Dereva alipunguza muziki mwenyewe, akidhani mzee anaumwa. Hakika alikuwa anaumwa, ila si bega. Alikuwa anahesabu siku za Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: mercredi, jeudi, vendredi. Alijua ni neno gani mtoto anataka kusema. Siku zile mtoto alikuwa na miaka tisa, na ni yeye aliyekuwa akifungua mlango.

*

Walifika kungali mwanga. Shekinah alikuwa uani anafua sare yake ya shule, mikono imejaa povu mpaka viwiko. Alikuwa na miaka kumi na tano, mrefu, na namna ya kusimama ya mama yake, mguu mmoja ukipumzika. Siméon alivuta kigoda akakaa.

"Kesho batakuuliza."

"Najua, Papa."

"Useme juu ya masomo. Vile unanisaidia, vile tunaishi. Mambo mafupi."

"Nitasema ile iko mu roho."

"Roho, roho… Bale ni batu ya filamu, Shekinah. Banabeba maneno ya batu, banaenda kuiuzisha."

Msichana alikamua sketi, maji yakatiririka kati ya miguu yao. "Papa, weye unasemaga kila siku kama ni Leta njo iliuwa Mama. Unasema ku radio, unasema ku depo, unasema ku kanisa. Kila mara unasema vile, miye naona haya. Juu najua hapana ni bo, hapana ni Leta."

Hapo ndipo palipokuwa mlango. Siméon aliuona umefunguka wazi, na angeweza kuingia bila kugonga. Ulimi wake ulishajikunja kusema. Alimwona Emérence kwenye kile kidevu, akamwona kwenye ule mguu unaopumzika, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kwenye kona ya ring.

"Usisahau kuanika na soksi," akasema. Akainuka, akaingia ndani.

Thérèse alikuwa pale kwenye mkaa, anageuza bugali. Hakumwangalia. "Yaya, ule mutoto analiaga mu usingizi. Tunalala naye godoro moja, mi namusikia. Anasemaga 'Kasugho, Kasugho.' Kasugho kuko nini? Siye hatuko hata na shamba kule."

"Ni ndoto."

"Ya miaka sita?"

Alikula tonge mbili, akasukuma sahani. Thérèse akawagawia watoto wake.

*

Asubuhi walipanga kiti cha mbao uani, mbele ya mlango wa jikoni, kwa sababu Laurent alisema mwanga wa pale ni mzuri. Ufunguo ulilazwa kwenye meza ndogo pembeni uonekane. Shekinah alivaa gauni la bluu la Jumapili. Myriam akambana kwenye kola kimikro kidogo cha kunasa sauti, cheusi kama mende, akamwambia akisahau.

Siméon aliambiwa angoje ndani. Alisimama jikoni gizani, nyuma ya mlango, shati lake la misa wazi mpaka kitovuni. Leo asubuhi hakuna aliyemfungia. Mtoto alipita karibu naye akasema tu, "Nitachelewa, Papa."

"Jitambulishe," alisema Laurent, "halafu utuambie juu ya Mama."

"Naitwa Shekinah. Mama yangu alikuwa anaitwa Emérence Kanyere." Alinyamaza. Jogoo wa jirani akawika, Laurent akafanya ishara wangoje, wakangoja. "Mama alikuwa ameosha tantine yake, shangazi, mbele ya ule kufa, na tantine alikuwa na Ebola. Donc balikuwa bameandika Mama. Kila asubuhi kulikuwa mama mumoja wa riposte, bale banafuataga bagonjwa ba Ebola, anakuya na cahier, daftari yake. Anamupima joto, anaandika, anaenda. Siku vingt et un, makumi mbili na moja. Mama alikuwa amefika siku ya kumi, hakuna kitu."

"Halafu?"

"Halafu mercredi akaamka na homa. Papa alikuwa ameenda ku Beni. Mama akaniambia: 'Shekinah, ule mama wa cahier akikuya, umwambie Mama ameenda Kasugho ku mashamba.' Akakuya, nikamwambia. Jeudi akakuya tena, nikamwambia ileile. Vendredi akapiga magoti mbele yangu, hapa hapa, akaniangalia mu macho. Akasema: 'Mutoto wangu, kama Mama anaumwa, kuko dawa. Akiwahi, anaweza kupona. Ni kweli ameenda?' Na Mama alikuwa nyuma ya huu mulango wa jikoni. Nilikuwa nasikia vile anapumua."

Nyuma ya mlango wa jikoni, Siméon aliacha kupumua.

"Nikasema ni kweli. Akanipa biscuit. Nikaikula." Sauti ya Shekinah haikupanda wala haikushuka, ilienda kama mtu anayesoma somo la misa. "Papa anasema ni bakubwa. Hapana. Bakubwa baliiba pikipiki tu. Miye njo niliuwa Mama. Ningesema neno moja, angeenda. Nilikula na biscuit."

Laurent alikuwa amekunja ngumi kwa furaha isiyofaa, uso wake umewaka kama wa mtu aliyeokota dhahabu mtoni. Ndipo mlango wa jikoni ukalia.

"Hapana ni weye," alisema Siméon.

"Champion! Uko ndani ya picha. Tafadhali, rudi kidogo, mtoto anamaliza…"

"Hapana ni weye, Shekinah." Alikuja mpaka kwenye kiti, kifua wazi. "Kasugho, mama yako hakuitoa mu kichwa yake. Niliitoa miye."

Msichana alimwangalia bila kuelewa.

"Alinipigia ile mercredi. Nilikuwa Beni, mu hoteli bale ba gala balitulipia, nakula kuku. Akaniambia: 'Papa Shekinah, homa imeniingia. Nataka kumwambia ule mama wa cahier banipeleke.' Nikamwambia hapana. Nikamwambia akijionyesha, na miye nitaandikwa, juu nililala naye mupaka lundi. Batanitoa mu gala, batanifungia siku vingt et un. Nikamwambia ni malaria tu, angoje samedi ya gala ipite. Nikamwambia: 'Umwambie mutoto aseme umeenda Kasugho. Kule ni mbali, hakuna mutu ataenda kuangalia.' Nilichagua Kasugho vile mutu anachagua soksi."

Thérèse alikuwa ametoka, kijiko cha mti mkononi. Akaketi chini palepale, juu ya udongo.

"Jeudi alinipigia tena," aliendelea Siméon. "Niliona jina yake, nikaacha iite. Vendredi nilizima simu. Coach alisema bondia anapashwa kulala. Niliiwasha samedi, nyuma ya gala kuisha, ufunguo mu mukono. Kulikuwa appels quatorze, simu kumi na ine za mama yako. Nikasema: nitamuambia juu ya pikipiki kesho nikifika, atafurahi. Nikafika, bamesha kumufunga mu ule mufuko mweupe."

"Champion," Laurent alisema taratibu, kama anayemwongelesha mlevi, "tunaweza kuikata hii. Hakuna atakayeona. Filamu yetu ni juu ya wale waliokunyang'anya. Ukiacha hivi, watu watakuchukia wewe, na wale wakubwa watapona."

Siméon aliuangalia ufunguo pale mezani. Miaka sita alikuwa anauonyesha watu ili wasimwulize kitu kingine.

"Bale ni bezi, na bezi batabakia bezi," akasema. "Lakini simu ilikuwa mu mukono yangu."

Shekinah hakulia. Aliuliza, "Na Mama alisema nini? Ile mercredi, wakati ulimwambia angoje?"

"Alisema sawa."

"Paka sawa tu?"

"Alisema: 'Sawa, Papa Shekinah. Upigane muzuri.'"

Pikipiki ya teksi ilipita barabarani, ikapiga honi, ikaenda. Shekinah aliinua mkono kwenye kola yake akakitoa kile kimikro. Siméon alidhani atakitupa. Alijiandaa kwa kofi, akashusha mikono ili limfikie vizuri.

Msichana aliinuka. Alisimama mbele ya baba yake, karibu, mahali ambapo kila asubuhi alisimama kumfungia vifungo, vidole vyake vikafika kwenye shati. Akakibana kimikro kwenye kola. Vifungo akaviacha wazi.

"Kaa," akasema.

"Shekinah, mutoto wangu…"

"Kaa pale. Miye yangu niliisema mbele ya batu, miaka sita niliibeba na yako. Sasa weye urudilie. Tangu simu ya kwanza." Akamgeukia Myriam. "Tantine, mashini inatembea?"

Myriam, ambaye hakuwa amezima hata sekunde moja, aliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Shekinah alizunguka, akaenda kusimama nyuma ya kamera, kando ya shangazi yake aliyekaa chini. Kutoka pale aliweza kumwona baba yake uso mzima. Hakumsaidia kwa jicho wala kwa neno.

Siméon Nzanzu, Katapila wa Butembo, akaketi kwenye kiti cha mtoto wake. Alishika magoti ili mikono itulie, haikutulia. Upepo wa asubuhi ulimpiga kifuani.

"Ilikuwa mercredi," akasema. "Nilikuwa nakula kuku. Simu ikaita."